Birika la Chuma Mlangoni

Tulitoka Korogwe na begi moja sisi wawili. Lilikuwa la turubai, rangi ya buluu, lenye vishikio viwili kwa juu, na tulilinunua kwa kuchangiana kwa sababu wakala aliyetutafutia kazi Doha alituambia tusibebe nguo nyingi, sare tutazikuta huko huko. Mwenzangu alishika kishikio kimoja, mimi kingine. Tulikwenda hivyo kutoka kwao mpaka stendi, yeye akilalia kushoto, mimi nikilalia kulia, begi likining'inia katikati kama mbuzi aliyechinjwa.

Namwita mwenzangu kwa sababu sina neno lingine. Tulianza darasa la kwanza siku moja, tukamaliza kidato cha nne pamoja, tukafeli hesabu pamoja. Baada ya hapo mimi nikaanza kuhangaika: Tanga bandarini, Unguja kwenye hoteli za ufukweni, Mtwara msimu wa korosho. Kila nilikokwenda niliota nyumbani, na nikiwa nyumbani nyayo zilinicheza. Yeye alibaki palepale akitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabati karibu na reli. Doha ndiyo safari ya kwanza niliyoweza kumshawishi tuende wote.

Dar tulisubiri viza katika nyumba ya wageni Kariakoo mpaka tukawajua wauza kahawa wote wa mtaa ule. Kisha ndege, kisha uwanja mwingine wa ndege ambako tulikaa mchana kutwa sakafuni tukingoja ndege ya pili, tukiogopa hata kwenda msalani tusije tukaachwa. Begi lilikuwa limeshachukuliwa kule Dar, na mwenzangu alikuwa akiitazama mikono yake mitupu kama mtu aliyesahau kitu. Tulitua Doha alfajiri. Hiyo alfajiri yenyewe ilitupokea kwa joto la mtu aliyefunua sufuria ya ugali akiwa ameiinamia. Begi lilipotokea kwenye mkanda tulilirukia wote kwa pamoja, kila mmoja kwenye kishikio chake, na Wahindi waliosimama pale wakatucheka.

"Tulivyokuja ndivyo tutakavyorudi," nikamwambia.

"Sasa nirudi na nani mwingine?" akasema. "Upande wa pili atashika nani?"

Hiyo ndiyo ahadi yetu. Haikuwa na kiapo wala shahidi. Tutafanya kazi, tutarudi Korogwe, tutafungua duka la vipuri vya baiskeli palepale penye kibanda chake, yeye atengeneze, mimi niuze na kupiga domo na wateja. Niliipenda picha ile kuliko nilivyopata kupenda kitu chochote. Nilikuwa nimeshachoka kuota nyumbani peke yangu.

Yeye alipata kazi ya kubeba mizigo ya wageni hotelini. Mimi nilikuwa mlinzi wa kampaundi moja ya nyumba za Wazungu upande wa Al Thumama. Tulipanga chumba Al Rayyan, juu ya paa la nyumba ya zamani. Kilikuwa na vitanda vitatu, jiko nje ya mlango, tangi la maji upande mmoja wa paa na kamba ya nguo upande wa pili. Kitanda cha tatu kilibadilisha watu. Wengine walikaa miezi, wengine hata majina hatukuwahi kuyazoea. Sisi wawili tulikuwa wenyeji.

Mlango wa chumba kile ulikuwa na tabia. Ukivuma upepo wa vumbi kutoka kaskazini ulijigonga kana kwamba umetumwa. Tuliuwekea tofali, likavunjika. Tukaweka ndoo ya mchanga, paka wakaigeuza choo.

Wapangaji wa kampaundi yangu walikuwa na desturi: mtu akihama Doha, vitu asivyosafiri navyo huviacha kwa mlinzi wa geti. Nimewahi kuachiwa mti wa plastiki, kasha la vioo, na viatu vya kuteleza kwenye theluji. Siku moja mama mmoja alikuwa akirudi kwao, akaniletea kitu cheusi cha chuma, cha mviringo, chenye mkono mnene juu. Akasema neno ambalo sikulishika. Alikishika kwa mkono mmoja tu, mimi nikakipokea kwa mmoja kikataka kuning'oa bega. Nikamshukuru. Nikakipeleka nyumbani kwa basi la kampuni nimekipakata, na mwenzangu alipokiona akasema, "Hilo birika la chai ya shetani."

Basi likaitwa birika. Likakaa mlangoni, na mlango ukanyamaza. Ijumaa nililitumia kwenye pilau: hatukuwa na makaa ya kupalia juu, kwa hiyo nilifunika sufuria kwa karatasi ya bati, nikaweka kifuniko, nikalikalisha birika juu yake. Mvuke haukupata pa kutokea. Watu wa nyumba za jirani walikuja kula pilau ile wakauliza siri yake, nami nikawa nawaonyesha kwa kidole. Miaka yote hiyo haikumpitikia mtu yeyote kwamba lile lilikuwa kitu cha kufanyia mazoezi. Sisi tulikuwa tunainua vitu mchana kutwa. Nani angewaza kwamba kuna watu wananunua uzito ili wauinue?

Mgongo wa mwenzangu ulianza kumsumbua taratibu. Mwanzoni alikuwa anajinyoosha akitoka kwenye basi. Baadaye akawa anashuka ubavu ubavu kama kaa. Daktari wa hoteli alimpima, akamwambia mifupa haina neno ila kiuno na tumbo ni dhaifu, avitie nguvu. Hakumwambia avitie vipi. Kwa hiyo kazi ile niliichukua mimi, kwa njia niliyoijua. Kila tukirudi kazini alilala kifudifudi, nami nilimchua kwa dawa yenye harufu kali ya mkalatusi, niliyoinunua kwa Mpakistani wa kona. Nilijua kila fundo. Nikibonyeza chini ya mbavu upande wa kulia alikuwa anaguna, halafu anaanza kusimulia: mwalimu wetu wa darasa la tatu, mafuriko ya mto Pangani yaliyochukua banda la kuku la shangazi yake, harufu ya mkonge uliolowekwa. Mgongo wake ulikuwa redio yangu ya nyumbani. Nilipoubonyeza, Korogwe ilisema.

"Mgongo huu ukikataa kabisa," alisema siku moja uso ukiwa kwenye mto wa kulalia, "twende zetu, ndugu yangu. Mkataba ukiisha, khalasi. Baiskeli haihitaji kuinamiwa sana."

"Twende zetu," nikasema. Nilibonyeza kwa upole zaidi siku ile. Nikaanza kutafuta bei za minyororo na tairi.

Kisha kitanda cha tatu kikapata mtu.

Alikuwa Mkenya wa Nairobi, dereva wa kampuni moja ya kupeleka chakula maofisini, mdogo kwetu kwa miaka michache, mwenye shingo nene na kicheko kilichomtangulia ngazini. Tulimwita jirani, kwa sababu ya nchi yake, naye akalipenda jina. Ijumaa ya kwanza alitoka kanisani Mesaimeer, maana Doha hata Wakristo husali Ijumaa, akakuta nimelikalisha birika juu ya sufuria. Akasimama. Akashika kichwa.

"Wee, buda! Mnapikia nini hapo?"

"Pilau."

"Na hiyo kitu ya juu mnajua ni nini?"

"Birika," akasema mwenzangu.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ni ketobeli, chuma ya mazoezi, maze! Watu wanaenda jimu kutafuta hiyo. Nyinyi mmeipatia kazi ya kuchunga mchele!"

Huko kwao, alisema, aliwahi kufanya kazi kwenye ukumbi wa mazoezi, akifuta vyuma na kuwaangalia wakufunzi hadi akajua kila walichosema. Mwenzangu alikuwa ameegemea ukuta ameshika kiuno. Jirani akamtazama namna alivyosimama, akatazama birika, akasema, "Wewe ndio mtu wa hii kitu. Kesho asubuhi kabla jua halijapanda."

Nilidhani ni utani.

Asubuhi niliamshwa na mlango. Ulijigonga mara moja, ukajigonga tena. Nikatoka kitandani, nikakuta mahali pa birika pana duara jeupe kwenye vumbi. Nje, karibu na tangi, mwenzangu alikuwa amesimama kando ya birika, na jirani alikuwa nyuma yake amemwekea viganja mbavuni. Pale pale nilipozoea kubonyeza mimi.

"Simama kando yake hivi, kama uko steji unangoja basi na suti-kesi yako," jirani alikuwa anasema. "Usikunje mgongo. Peleka makalio nyuma, piga magoti kidogo, shika. Kabla hujainua, kaza tumbo kama mtu anakuja kukupiga ngumi. Umekaza? Haya, sukuma chini na miguu, inuka. Mabega yawe sawa. Sasa tembea pole pole mpaka kwa kamba ya nguo. Usilale upande!"

Mwenzangu alitembea. Ni zoezi dogo kuliko yote niliyowahi kuona. Mtu amebeba kitu kwa mkono mmoja anakwenda, basi. Lakini alikwenda kama aliyebeba bakuli la mchuzi kichwani. Alifika kwenye kamba, akashuka kwa magoti, akaliweka birika chini bila kutoa sauti, akazunguka, akashika kwa mkono wa pili, akarudi.

"Mbona hili linafanya kazi kwenye tumbo, na mimi nimebeba kwa mkono?" akauliza, anahema.

"Mzigo unakuvuta upande moja. Kiuno inakataa. Huko kukataa ndio mazoezi."

"Sisi huko nyumbani tulikuwa tunabeba dumu la maji, tunalalia upande wa pili."

"Ndio maana mko na migongo mibovu nyote, buda. Mnakubaliana na mzigo!"

Wakacheka. Nilisimama mlangoni nimeushika mlango kwa mkono usijigonge, nikawatazama wakicheka. Niliwaza: dumu lile tulikuwa tukibeba mimi na yeye. Kumbukumbu ile ilikuwa ya watu wawili. Anaitolea nini nje?

Wakaendelea hivyo kila asubuhi waliyokuwa wote nyumbani. Mimi niligeuka mtu wa mlango. Niliweka kiatu, nikaweka dumu tupu, nikaweka kopo la samli lililojazwa kokoto. Hakuna kilichoshika kama birika. Kila mlango ulipojigonga nilijua wako pale nje. Nilisikia jirani akimhimiza: "Shingo ndefu! Wewe ni twiga!" Nilisikia mwenzangu akijibu kwa Kiswahili cha Nairobi, yeye ambaye hata Kiswahili cha Dar kilimshinda. "Poa, maze," alisema. Maze! Mtoto wa Korogwe.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa ya kweli. Alianza kushuka kwenye basi kama mtu. Aliinama kufunga kamba za viatu. Jioni moja nilifungua kopo la dawa ya kuchua, nikapasha viganja, nikamwambia alale.

"Leo acha tu, ndugu yangu," akasema. "Haunisumbui."

"Nikuchue kidogo, maumivu yasije yakarudi."

"Haunisumbui, nakwambia." Akanigonga bega. Alikuwa na furaha, hakuona kitu. Nilikaa na viganja vyangu vinavyonuka mkalatusi, nikaishia kujipaka mwenyewe magotini.

Mambo ya wivu tunayajua ya mume na mke. Ya rafiki hakuna anayekufundisha. Hakuna hata mahali pa kwenda kushtaki. Ningemwambia nini mtu, kwamba rafiki yangu amepona na mimi sikupenda? Ijumaa nikawa sipiki pilau, nasema sufuria haina cha kukandamiza kifuniko. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini naangalia kwanza kama viatu vyao viko mlangoni, na zikiwepo jozi zote mbili, nageuka kwenda kukaa dukani kwa Mpakistani.

Siku moja upepo wa vumbi uliamka vibaya, na mlango ukajigonga hadi kioo cha juu kikapata ufa. Nikatoka nje nimekasirika.

"Birika langu nalitaka mlangoni."

Wote wawili wakasimama.

"Sawa," akasema mwenzangu. "Hili hapa. Lipeleke."

"Lakini ulipeleke vizuri," akaongeza jirani.

Nikaliinamia, nikalishika, nikalinyakua. Nilikuwa nimekasirika na nilitaka kuwaonyesha. Nikaenda nalo kuelekea mlangoni, bega moja likigusa sikio, lingine likitafuta goti. Nilijua naonekana vipi kwa sababu jirani alishindwa kujizuia.

"Uuwi! Buda ameegemea kama nyumba ya udongo baada ya mvua!"

"Mwache," mwenzangu akasema, naye anacheka.

"Huyu si mazoezi hataki, huyu ako na wivu tu kama bibi mkubwa!"

Alikuwa anatania. Watani husema kweli bila kujua na wanakwenda kulala. Mwenzangu aliacha kucheka. Akaja nilipokuwa, akaniwekea kiganja ubavuni, kwa uzito uleule niliokuwa nikimwekea mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Kaza hapa. Usilifuate. Acha likuvute, wewe baki." Nikajaribu. Nilinyooka kwa hatua mbili tatu nikahisi kitu kirefu kikiamka kutoka kwenye mbavu hadi nyongani, kitu ambacho sikujua ninacho. Kisha nikaporomoka upande.

"Ni zito kwako kuanzia," jirani akasema, safari hii bila mzaha. "Anza na dumu la maji. Kila mtu huanza na ndogo."

Kwa hiyo mimi, mwenye birika, nikapewa dumu. Nilifanya nao kwa muda. Wao wakipokezana birika, mimi nikienda na dumu langu la plastiki likipiga kelele ndani, maji yakicheza. Mwenzangu ndiye aliyekuwa akinisahihisha sasa, na nilichukia jinsi nilivyokuwa nangoja anisahihishe. Siku asiponitazama nilijilalia upande makusudi.

Nilikuwa nimebakiza tumaini moja: mkataba. Ulikuwa unaisha, wake na wangu, kwa kupishana kidogo. Niliamini akiuona mwisho uko karibu atakumbuka kibanda, reli, harufu ya mkonge. Mimi nilikuwa nimeshaziota zote kwa niaba yake.

Tulikuwa tunakula, jirani yuko kazini. Mwenzangu akavunja mkate, akaupitisha kwenye dengu, akasema bila kuinua macho, "Nimeongeza."

"Umeongeza nini?"

"Mkataba. Wamenipa kusimamia wabeba mizigo wa zamu ya asubuhi."

"Na mgongo?"

"Mgongo umepona. Si unauona?"

Niliuona. Alikuwa amekaa sakafuni amenyooka, bila kuegemea kitu, mtu ambaye zamani alihitaji ukuta hata kwa kunywa chai.

"Tuliahidiana," nikasema.

"Tuliahidiana mgongo ukikataa."

"Kabla ya hapo. Uwanja wa ndege. Begi."

"Kaka," akasema, na alikuwa haniiti kaka ila anapoogopa kuniumiza, "wewe unapapenda nyumbani ukiwa mbali. Mimi nilipapenda nikiwa pale, na nilikaa pale mpaka nikatosheka. Ndiyo kwanza naanza kuona kitu kingine. Kaa tukae."

"Na nani? Na huyo wako?"

"Huyo wangu nani?"

Nikavunja mkate mwingine. Tulimaliza dengu.

Sikuongeza mkataba. Kuna watu watasema niliondoka kwa hasira, na mimi sina la kuwapinga, ila nilikuwa nimeshalitengeneza duka kichwani kiasi kwamba kukaa Doha kulikuwa kama kuliacha wazi bila mtu. Kwenda peke yangu kulikuwa bora kuliko kulala kila siku kwenye kitanda cha katikati nikisikiliza mlango.

Siku ya kuondoka nilipakia begi la buluu. Mwenzangu alisema nilichukue, yeye alikuwa na la hoteli, lenye magurudumu. Nililitazama birika nikawaza kulitia ndani, chini ya nguo. Lilikuwa langu. Nilikuwa nimelipakata kwenye basi. Nikalipima kwa mkono, na mkono uliniambia kwamba begi halitaruhusiwa. Nikaliweka mlangoni, kwenye duara lake. Jirani alikuwa ametoka na gari la kampuni yake kwa ruhusa ili atupeleke. Aliniletea mfuko wa tende na kuniita buda mara nyingi kuliko kawaida. Ubaya wake ni kwamba hakuwa na ubaya.

Uwanja wa ndege ulikuwa mpya, mkubwa, wa vioo, si ule tuliofikia. Nilipotoa begi kwenye gari, mwenzangu alishika kishikio kimoja bila kuulizwa. Mimi nikashika changu. Tukaanza kwenda. Ni wakati ule ndipo nilipoona: mimi nilikuwa nimelalia kulia kama tulivyolalia siku zote, yeye alikuwa amesimama wima. Begi likaenda upande. Lilimgonga yeye mguuni kwa kila hatua.

"Nyooka," akasema.

"Wewe ndiye uliyebadilika."

"Basi mimi nitalalia upande kidogo," akasema, na kweli akalegeza bega lake akalalia kushoto, kwa ajili yangu, mpaka mlangoni. Ninalikumbuka bega lile kuliko maneno aliyosema baadaye, ambayo yalikuwa maneno ya kawaida: fika salama, nisalimie mama, kaangalie kibanda kama paa limebaki. Tukakumbatiana. Nilipitisha kiganja mgongoni mwake, chini ya mbavu, upande wa kulia. Hapakuwa na fundo.

Nikavikusanya vishikio vyote viwili kwenye mkono mmoja. Nilisimama kando ya begi, nikasukuma makalio nyuma, nikakaza tumbo kama mtu anakuja kunipiga ngumi, nikainuka. Nikatembea. Mabega yalikuwa sawa. Niliyaona kwenye kioo mbele yangu, sawa kabisa, na begi lilinivuta na mimi nikabaki. Sikuwahi kulifanya zoezi lile vizuri namna ile, hata na dumu.

Nikageuka nione kama ameniona.

Alikuwa ameshamrudia jirani kwenye gari. Jirani alikuwa amesema jambo, na mwenzangu alikuwa ameinamia boneti akicheka, anainama na kuinuka bila kushika kiuno.